Mtarakwa wa Bwana Tafadhali

Watu wa kwetu wakimkumbuka Chilongani humkumbuka kwa ng'ombe. Msidhani alikuwa nao wengi. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, na wake walikuwa hivyo hivyo. Lakini alijua kuwauguza. Ndama aliyelala chini ulimi nje, macho yamegeuka, Chilongani alikaa kando yake, akamnyoosha shingo, akamlambisha udongo wa chumvi kutoka kiganjani huku akimwimbia upuuzi wake wa puani, na kesho yake ndama akasimama. Wenye makundi makubwa walimwita toka mbali. Walimlipa kwa maziwa ya mgando na kwa maneno matamu, zaidi kwa maneno. Alikuwa kaka wa bibi yangu, na haya ninayosimulia nimeyapata kwa bibi, ambaye aliyapata kwa Zaidi, mtu wa Kolo aliyekuwapo na kuyaona.

Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume, Kefa. Huyu alikwenda shule ya misheni Mvumi, akabatizwa, akarudi na jina jipya, kaptura moja, na wimbo mmoja wa kanisani alioimba mpaka mbuzi wakauzoea. Chilongani mwenyewe hakubatizwa. Alisema miungu imekuwa mingi kuliko mvua, na yeye alikuwa na haja na mvua. Lakini Chilongani alimpenda Kefa mpaka akaudhi watu. Mama yao alikufa Kefa akiwa hajaota meno, na ni Chilongani aliyemtafunia chakula na kumtilia kinywani, akiwa mwenyewe hajafika jandoni.

Basi reli ikafika Dodoma, na haukupita mwaka treni ikamgonga ng'ombe. Ng'ombe alikuwa wa Chilongani, mchungaji wa siku hiyo alikuwa Kefa. Kwa watu wenye haya, mwenye ng'ombe angepewa pole. Enzi ya Mjerumani ilikuwa na desturi nyingine: ng'ombe alikufa, treni ikasimama mpaka jioni, na Kefa akatiwa mnyororo shingoni pamoja na wenzake, akapelekwa kuponda mawe kwenye kituo kidogo cha reli upande wa mashariki.

Kituo hicho kilikuwa na mzungu mmoja. Jina lake la kwao lilikuwa refu, halikukaa mdomoni mwa mtu, kwa hiyo watu walimwita Bwana Tafadhali. Hakupata kupaza sauti hata siku moja. Kiswahili alijifunzia pwani, na kilikuwa kizuri kuliko cha Chilongani, na kila amri yake ilianza na neno hilo moja. Tafadhali lete maji. Tafadhali funga mlango. Tafadhali lala kifudifudi. Mtu akishalala, askari alianza kuhesabu viboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, na Bwana mwenyewe alikuwa pembeni akimwagilia maua yake kwenye makopo. Wapo wanaosema heri katili mwenye makelele. Mimi heri siioni kwa yeyote kati yao, lakini nawaelewa wanaosema.

Chilongani alikwenda kumwombea mdogo wake mwishoni mwa kiangazi, wakati watu wote walikuwa wanatazama mawingu. Alisimama chini ya baraza, kofia hana, akasema shikamoo, akasema haja yake. Bwana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama anaweza kubeba mzigo mbali.

"Naweza, Bwana."

"Vizuri. Mwezi ujao ni Krismasi. Unajua Krismasi?"

"Sijui, Bwana."

Bwana akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Kwao, alisema, nyumba haina sikukuu bila mti fulani wenye majani membamba yanayochoma, majani yasiyopukutika hata wakati wa baridi. Huku haupo. Lakini aliposafiri kaskazini aliona ndugu yake, mtarakwa, juu kwenye milima ng'ambo ya Kolo. Alitaka mtarakwa mmoja mdogo, hai, na mizizi yake, ausimamishe mezani mwaka huu kisha aupande mbele ya nyumba. Tena alitaka kikapu cha ule ukijani laini unaofunika mawe ya chemchemi, autandaze chini ya mti, juu yake apange sanamu za mtoto Yesu na kondoo.

"Tafadhali uulete mti hai," akasema. "Ukiwa hai siku ya Krismasi, ndugu yako atarudi nyumbani. Ukifa, atapanda treni kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Ni haki, sivyo?"

Chilongani alijibu kwamba ni haki. Nawe ungejibu nini? Vijana waliopelekwa kwenye mkonge bibi aliwajua kwa majina, na hakumjua aliyerudi.

Kabla ya kuondoka aliruhusiwa kumwona Kefa. Alimkuta amechuchumaa juu ya mawe, shingo imechubuka mnyororo ulipokaa. Kefa aliposikia habari ya mti alicheka, akasema, "Kaka, hiyo ni sikukuu ya Bwana Yesu. Ndiyo siku aliyozaliwa."

"Basi mwambie aje anisaidie kubeba," Chilongani akajibu, na akaondoka haraka, maana macho yalikuwa yanamsaliti.

Zaidi aliingia katika mambo haya kwa bahati mbaya tupu. Alikuwa Mrangi wa Kolo, Mwislamu mwenye swala zake tano, mkulima wa kilimani ambaye alishuka Dodoma kuuza asali. Askari walimsikia akisema anatoka Kolo, wakamkamata, na asali yake wakaila. Aliambiwa ataonyesha njia na kubeba ule ukijani wa mawe, na ukifa atapata hamsa ishirini zake. Wa tatu alikuwa askari Khamisi, mwenye bunduki, kazi yake kuhakikisha wawili hawa hawakimbii, na yeye mwenyewe kunywa pombe ya kila kijiji walichopita.

Walikwenda, wakafika Kolo, wakapita, wakapanda mpaka kwenye msitu wa juu ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni. Huko Chilongani aliuona mtarakwa kwa mara ya kwanza. Mitarakwa mizee ilikuwa mirefu kuliko mti wowote wa Ugogo, gome limechanika nyuzi nyuzi, mbao yake nyekundu yenye harufu inayofukuza wadudu. Zaidi alimweleza kwamba nguzo ya mtarakwa humzika mjenzi na mwanawe. Mdogo waliouchagua ulikuwa na kimo cha mtoto anayeanza kuchunga mbuzi. Walichimba kutwa nzima. Mizizi ilikuwa imejishika kwenye nyufa za mawe, na kila mzizi waliokata Chilongani aliguna kana kwamba umekatwa wake. Donge la udongo walilifunga kwa ngozi ya ng'ombe, wakalining'iniza kwenye mti wa kubebea, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Ule ukijani wa mawe haukuwapa kazi. Wasomi huuita kuvumwani, Zaidi aliuita manyoya ya mawe. Aliingiza vidole chini yake kwenye mwamba wa chemchemi, akauinua mzima mzima kama mtu anayetoa ngozi juu ya maziwa yaliyochemka. Hauna mizizi ya kukata. Hauna ua, hauna tunda, hauna mbao, mbuzi hauli. Aliujaza kwenye kikapu, akajitwika kichwani, akasema hajapata kubeba mzigo mwepesi hivi tangu azaliwe.

Njiani walitaniana, maana safari ya kilio nayo ina mdomo. Zaidi alisema, "Mgogo wewe umebeba mtemi, mimi Mrangi nimebeba mkeka wa kumfutia miguu." Chilongani akamjibu kwamba mtemi huyu angalau anachoma shingo ya anayembeba, kama watemi wengine, kumbe mkeka wa Mrangi unalala tu kikapuni ukisubiri kukanyagwa. Khamisi hakucheka. Alitaka kujua kijiji kinachofuata kina pombe ya uwele au ya mtama.

Walipoiacha milima, jua likawa jua. Mvua ilikuwa imechelewa, visima vilikuwa vya kuchota kwa kata, na maji waliyapata kidogo kila mahali. Wakapanga utaratibu. Khamisi alikunywa wa kwanza kwa sababu ana bunduki. Wa pili mti. Wao wawili walikunywa kilichobaki. Manyoya ya mawe hayakupewa kitu, si kwa ubaya, ila mwenye kiu hugawa maji kwa ukubwa wa hatari.

Basi yakakauka. Siku ya pili tu ya bondeni yalikunjamana, yakageuka rangi ya kahawia, yakawa yanavunjika mkononi kama ubwabwa mkavu chini ya sufuria. Zaidi akifungua kikapu alikifunga upesi. Aliacha utani. Akisujudu alikawia chini kuliko kawaida, na mgongo wake, alimwambia bibi baadaye, ulianza kuuma kabla haujapigwa.

Mtarakwa wenyewe ulikaa kijani, umesimama wima juu ya mabega yao, unanukia. Mti ule una tabia hiyo, ukiumia hausemi. Mti wa kwetu ukikatwa mzizi asubuhi, jioni majani yanalegea na kila mtu anajua. Mtarakwa unaweza kuwa umeshaondoka ndani, na nje ukakutazama na ukijani wake siku nyingi. Lakini hayo Chilongani hakuyajua. Alichoona ni kwamba walipokaribia Miyuji, ncha za matawi ya chini ziligeuka manjano kidogo, tena kidogo sana, kiasi cha mtu kuziona kwa sababu ameutazama mti huo kila saa.

Nani asingeshtuka? Walibakiza mwendo mfupi tu. Khamisi na Zaidi walikuwa wamekwenda kutafuta maji, na Chilongani ameachwa na mti pembeni mwa mbuga kavu, ile ambayo wachungaji wote wa huko waliijua, kwa kuwa juu yake chumvi hutoka nyeupe kama unga na ng'ombe huilamba wakapata nguvu. Alifanya alichokifanya maisha yake yote kwa kiumbe kilicholegea. Alikwangua ule udongo mweupe wa juu, ulio bora, akaukoroga na maji yake ya kunywa, ya kwake mwenyewe, aliyokuwa ameyaacha bila kuyanywa. Akafungua ngozi, akamimina polepole mizizini. Akarudia. Akakaa kando ya mti pale chini, akauimbia ule upuuzi wa puani. Zaidi aliporudi alimkuta amefurahi. Hakuulizwa kitu, naye hakusema, maana mganga hatangazi dawa.

Walifika kituoni sikukuu ikiwa karibu. Bwana Tafadhali alitoka barazani, akauzunguka mti, akapitisha vidole kwenye majani, akanusa, akafumba macho. Chilongani alisema mzungu yule alikaribia kulia. Kisha akaomba kikapu. Zaidi alikiweka chini, akaanza kuvua kanzu mwenyewe kabla hajaambiwa alale kifudifudi.

Bwana alitazama ile takataka ya kahawia, akaagiza sinia la maji. Akaitandaza ndani, vipande vipande, akawaambia wangoje. Na mbele ya macho yao manyoya ya mawe yakaanza kujinyoosha. Yalijikunjua kama mtoto anayeamka, yakanywa, yakarudi kijani, kijani kile kile cha mwamba wa Kolo. Zaidi alisema Allahu akbar kwa sauti, akiwa bado na kanzu mkononi.

Bwana alipenda sana kueleza. Alisema huyu mdogo hana mizizi, hunywa kwa mwili wote. Maji yakiisha hulala, na maji yakirudi huamka, hata baada ya miezi. Mkubwa hawezi kulala. Mkubwa hula kwa mizizi tu, na kinachoingia mizizini hupanda mpaka kileleni, kiwe kizuri kiwe kibaya. "Ndiyo maana huyu nilimhofia," alisema akiupapasa mtarakwa, "na mmemleta hai. Mmefanya kazi nzuri." Zaidi akapewa shuka la kaniki na ruhusa ya kwenda kwao. Hakwenda. Alisema atangoja Kefa afunguliwe, wafurahi pamoja. Wema mwingine humponza mtu akaona asichopaswa kuona.

Kefa atafunguliwa sikukuu ikifika, Bwana alisema, kwa sababu neno lake lilikuwa siku ya Krismasi na yeye habadili neno lake kwa mtu yeyote. Kwa hiyo walingoja. Mti ulitiwa kwenye debe, ukawekwa ndani juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Kila asubuhi Bwana aliumwagilia maji mwenyewe, maji mengi matamu, na maji hayo yakaiyeyusha chumvi yote iliyokuwa bado imekaa kwenye donge na kuisukuma ndani. Kwanza ncha zikawa manjano. Halafu kahawia, toka chini kwenda juu. Bwana akahamisha debe dirishani, akalirudisha mezani, akaliweka barazani, akalirudisha tena.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, walikuja wazungu wa reli na wake zao. Bwana aliwasha mishumaa. Mwanamke mmoja aligusa tawi ili atundike nyota ya karatasi, na majani yakamwagika. Hayakuanguka moja moja, yalimwagika, juu ya kitambaa, juu ya kondoo wa udongo, juu ya mtoto Yesu aliyelala kwenye manyoya ya mawe yenye afya njema. Mmoja wa wageni alicheka. Nadhani Kefa alihukumiwa na kicheko hicho kuliko kitu kingine chochote.

Bwana aliinama juu ya debe. Udongo wa juu ulikuwa umekauka na kuacha ukoko mweupe kwenye kingo. Akauchukua kwa ncha ya kidole, akaonja.

Akamwita Chilongani ndani. Chilongani hakuwa amepata kuingia katika nyumba ile. Alisimama juu ya sakafu ya mbao miguu mitupu, akauona mti, akajua.

"Kuna chumvi humu," Bwana akasema. "Nani aliitia?"

Zaidi alikuwa mlangoni. Alisema alimkazia macho Chilongani akimwomba kimoyomoyo aseme sijui. Neno moja tu, sijui, Bwana. Angekunyata kama yale manyoya, akauke, ashushe macho, aonekane amekufa mpaka hatari ipite. Zaidi mpaka uzeeni alikuwa na usemi huo, kwamba mnyonge na awe nyoya la mawe, asiwe mtarakwa. Ni usemi mzuri, na ni rahisi kwa mtu aliyerudi kwao na shuka jipya.

"Ni mimi, Bwana," Chilongani akasema.

"Wewe."

"Mimi. Aliona njaa njiani, akalegea. Nikampa chumvi. Nzuri, ya mbugani, ile nyeupe. Ili apate nguvu."

Alisema kweli yote, kwa Kiswahili kilichoeleweka, na Bwana alikielewa kila neno. Aliwageukia wageni akawatafsiria, na yule aliyecheka akacheka tena. Mtu anayeutilia mti sumu, kisha anasimama mbele yako akidai ameutibu! Kwao chumvi humwagwa mahali ambapo hutaki kitu kiote tena. Bwana aliamini amedhihakiwa nyumbani kwake, siku ya sikukuu yake, na mchunga ng'ombe.

"Ili apate nguvu," akarudia taratibu. "Vema. Kumbe wewe ni tabibu."

Kefa hakurudi kutoka kwenye mkonge wa pwani. Nalisema sasa ili tusikae tukilingojea. Chilongani aliishi mpaka meno yakamtoka, aliitwa kuuguza ng'ombe wa watu kama zamani, akaenda, akakaa kando yao na kuwaimbia, ila chumvi aliwaambia wenyewe wailambishe kwa mikono yao. Alipoulizwa sababu alisema vidole vina vidonda, na havikuwa navyo.

Kesho yake baada ya Krismasi ile, treni ya mizigo ikingojewa, Kefa alitolewa kwenye mnyororo wa wenzake. Khamisi ndiye aliyeshika kiboko. Walihesabu mpaka hamsa ishirini, na mgongo ukafunguka. Kisha Bwana alishuka barazani na bakuli la chumvi, chumvi safi ya mezani, akampa Chilongani mkononi.

"Tafadhali," akasema, "mtibu ndugu yako. Apate nguvu za safari. Tafadhali usibakize."

Chilongani alibaki amesimama. Khamisi akamwekea bunduki Kefa kisogoni, wala hakuhitaji kueleza. Basi akapiga magoti, akachovya vidole, akaanza juu, mabegani, palipoumia kidogo. Kefa aliuma mchanga. Zaidi aligeuza uso, na Bwana akamwomba tafadhali atazame.

Ilipita muda kabla Kefa hajapata pumzi ya kusema. Alisema kwa Kigogo, uso chini.

"Kaka. Ni kweli uliupa mti chumvi?"

"Ni kweli."

"Ulianza kulegea?"

"Ncha zilikuwa manjano."

"Uliitoa wapi?"

"Mbuga ya Miyuji. Ule udongo mweupe wa juu."

Kefa aliusikia mkono wa kaka yake ukishuka mgongoni.

"Huo ndio mzuri," akasema. "Hata mimi ningeupa huo."

Chilongani akachovya tena, maana bakuli lilikuwa bado na chumvi na Bwana alikuwa anatazama, akaendelea kupaka mpaka treni ilipopiga filimbi.